Dola 60, kibaraza kimoja na Halloween: pa kuweka fedha na pa kuziacha

*"Habari za kazi, mtaalamu. Tulihamia Columbus, Ohio, kutoka Tanga miaka mitatu iliyopita, na mwaka huu kwa mara ya kwanza tumepanga nyumba yenye kibaraza na bustani ndogo mbele, si fleti kama awali. Wanangu wawili, wa miaka 9 na 6, wanataka tupambe nje kwa ajili ya Halloween. Jirani wa mkono wa kulia amesimamisha kiunzi cha mifupa kinachokaribia paa, na watoto wanaona nyumba yetu itachekwa. Nina dola 60 na siwezi kuzidisha. Ukuta wa mbele umefunikwa kwa mabamba meupe ya plastiki, kuna balbu moja juu ya mlango na soketi moja ya nje yenye kifuniko. Ninayo mashuka ya zamani na maboksi tele tuliyohamia nayo. Mume wangu anahofia bili ya umeme, anasema tutumie mishumaa. Maboga tuliyochonga mwaka jana yalioza ndani ya juma moja. Dada zangu nao wananiambia kwamba kupamba nyumba kwa mizuka ni kukaribisha mambo yasiyofaa. Je, ninunue joka la kujazwa upepo nililoliona dukani kwa dola 50 niishie hapo, au kuna njia nyingine?"*

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu fedha zikishatoka hazirudi: joka hilo liache dukani. Si kwamba ni baya. Sanamu za kujazwa upepo huchangamsha watoto, na kwa mtu mwenye bajeti kubwa ni njia rahisi ya kujaza bustani. Lakini kwako wewe litameza zaidi ya robo tatu ya fedha zote, litahitaji soketi yako moja muda wote kwa sababu feni yake haipumziki, na mchana utakapoizima litalala kwenye nyasi kama turubai lililosahauliwa. Upepo wa Oktoba katika Ohio nao haulihurumii. Lisipofungwa vizuri kwa kamba na vigingi, utaliokota kwa jirani.

Ninachokisikia katika barua yako si hofu ya mapambo bali ni hofu ya kulinganishwa. Kiunzi hicho cha jirani huenda ni cha ile aina ya futi 12, takriban mita 3.7, ambayo duka la Home Depot lilianza kuiuza mwaka 2020 kwa dola 299. Tangu hapo majitu ya aina hiyo yameenea mitaani, na matumizi ya msimu mzima yamepanda: shirikisho la wafanyabiashara wa rejareja la Marekani, NRF, lilikadiria kwamba mwaka 2023 Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa mavazi, pipi na mapambo ya Halloween. Ukiingia katika mashindano hayo na dola 60 umeshindwa kabla hujaanza. Usiingie. Mimi kazi yangu ni taa za nje ya majengo, na kwa muda wote niliofanya kazi hiyo nimeona kwamba nyumba inayosimamisha watu njiani usiku ni ile iliyopangwa vizuri mwanga na giza lake, hata kama ina vitu vitatu tu.

Fikiria jinsi nyumba yako inavyoonekana usiku huo wa Halloween, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Mtu yuko kwenye njia ya miguu, mita 10 hivi kutoka ukutani, anatembea, ameshika mkono wa mtoto, na ana sekunde chache za kukutazama. Kwa umbali huo haoni kwamba buibui wako ana manyoya au kwamba fuvu lako lina meno ya kina. Anaona umbo, rangi, na pale ambapo mwanga unakutana na giza. Vitu vidogo ishirini vya dola tatu tatu vilivyotawanywa kila pembe huonekana kama takataka iliyopeperushwa, ilhali umbo moja kubwa na rangi mbili tu huonekana kama jambo lililokusudiwa. Kwa hiyo chagua sehemu moja ya kutazamwa, nami nakushauri iwe ule ukuta wako mweupe, na chagua rangi mbili zisizozidi, kwa mfano kijani na chungwa. Kijani nimekitaja kwa sababu: jicho la binadamu likiwa katika mwanga hafifu huona kijani na buluu vizuri zaidi kuliko nyekundu. Balbu dogo la kijani litaangaza ukuta wako; balbu jekundu lenye nguvu hiyohiyo litaonekana kama limezimika nusu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulifanye hata kama utaacha mengine yote. Ukuta mweupe ni pazia la sinema ulilopewa bure. Ukiweka taa ndogo chini, mbele ya nyumba, ikauelekea ukuta, kisha ukasimamisha umbo lililokatwa kwenye boksi kati ya taa na ukuta, kivuli kitakuwa kikubwa kuliko umbo lenyewe, na ukubwa wake unaupanga wewe. Kanuni yake ni nyepesi. Gawanya umbali wa kutoka taa hadi ukutani kwa umbali wa kutoka taa hadi kwenye umbo. Taa ikiwa mita 4 kutoka ukutani na umbo likiwa mita 1 kutoka kwenye taa, kivuli ni mara nne. Kunguru wa boksi mwenye sentimita 50 anakuwa kunguru wa mita 2. Mtu wa sentimita 80, mwenye mikono mirefu na vidole vilivyopinda, anafikia mita 3.2, na hapo mwanao wa miaka 6 ataweza kumtazama yule jirani wa mifupa usoni bila haya yoyote. Tena kwa kuwa mwanga unatoka chini kwenda juu, kivuli kitajinyoosha zaidi kuelekea paani, jambo ambalo kwa usiku huu ni faida.

Siri moja hufanya kazi hii ifaulu au iharibike, nayo ni ukubwa wa chanzo cha mwanga. Taa yenye jicho moja dogo hutoa kivuli chenye kingo kali. Taa pana, au balbu lenye kioo cha maziwa, hutoa mwanga kutoka pande nyingi kwa pamoja, na kivuli chake huwa ukungu usioeleweka. Kwa hiyo usinunue taa pana ya kumulika eneo lote (floodlight) kwa kazi hii; tochi ya LED yenye jicho moja, ambayo pengine mnayo ndani, hufanya vizuri kuliko taa ya bei mara tatu yake. Tochi ya betri pia haihitaji soketi. Iwekee kipande cha plastiki ya kijani mbele ukitaka rangi. Ijaribu siku mbili tatu kabla, gizani, mkiwa familia nzima. Huu ndio wakati watoto watakapofurahi zaidi, kwa kusogeza umbo mbele na nyuma na kuona jitu likikua na kusinyaa. Boksi likilowa na mvua hulegea, basi ama lifunike kwa mfuko mweusi wa takataka uliobanwa kwa gundi ya karatasi, ama ulitoe nje jioni ile tu.

Kivuli hakitaonekana kama balbu la juu ya mlango linawaka kwa nguvu zote. Hapa pana mvutano wa kweli na sitaki kuuficha. Mtaani kwenu, taa ya kibarazani inayowaka ndiyo ishara kwamba nyumba inapokea watoto, ukiizima, watapita. Tena ngazi lazima zionekane, kwa maana mtoto aliyevaa kinyago na joho refu hukanyaga pindo lake kwa urahisi. Suluhisho ni kubadili balbu, si kulizima: weka balbu la LED la rangi ya chungwa lenye nguvu ndogo, kisha ongeza mwanga hafifu chini, pembeni mwa kila ngazi, kwa mishumaa ya betri ndani ya chupa za jamu zilizosafishwa. Mwanga ubaki miguuni, juu pabaki giza.

Jambo jingine ambalo watu wengi huligundua wakiwa wamechelewa ni saa. Katika Columbus muda wa watoto kupita kwa kawaida ni saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, na mwishoni mwa Oktoba jua huzama kama saa 12 na nusu, kwa sababu saa za majira ya kiangazi hazijarudishwa nyuma bado. Maana yake ni kwamba watoto wadogo kabisa, ambao hutangulia, watakuja kungali na mwanga, na kivuli chako hawatakiona. Ndiyo sababu huwezi kutegemea taa peke yake. Unahitaji vitu vichache vinavyopendeza mchana. Angalia pia tarehe. Usiku huo katika eneo lenu huitwa Beggars' Night, na kuna miaka ambapo baadhi ya miji ya Ohio ya kati iliupanga siku nyingine isiyo 31 Oktoba. Tazama tangazo la mji wako wiki mbili kabla, usije ukawasha taa zako siku ambayo mtaa mzima umelala.

Mumeo anahofia bili, na hofu hiyo ilikuwa na maana zaidi enzi za balbu za zamani. Tupige hesabu kwa bei ya takriban senti 17 kwa uniti moja ya umeme. Mnyororo wa taa 100 ndogo za LED hutumia kama wati 5. Ukiuwasha kwa muda wa saa tano kila usiku kwa siku zote 31 za Oktoba, umetumia uniti 0.775, yaani kama senti 13. Mnyororo kama huo wa balbu za zamani zenye uzi wa moto, wa wati 40 hivi, ungekula kama dola moja na senti 5 kwa mwezi huohuo. Kwa hiyo umeme wa mapambo hautaonekana kwenye bili yenu, ila kinachoweza kuonekana ni bei ya betri. Mishumaa ya betri inunue ile inayozimika yenyewe baada ya saa kadhaa.

Mishumaa ya moto ndiyo ninayoikataa, na naomba umwambie mumeo kwa heshima zote kwamba hapa hatuokoi kitu. Chama cha kitaifa cha kuzuia moto cha Marekani, NFPA, hutoa onyo hili kila mwaka: mabua makavu ya mahindi, maua makavu na karatasi laini za mapambo hushika moto upesi, nayo ndiyo mambo hasa ambayo watu huyarundika kibarazani msimu huu. Ongeza watoto wenye majoho ya nailoni wakiinama kuchukua pipi, mbele ya mlango ambao ndio njia yenu ya kutokea. Mshumaa wa betri unaanzia dola moja, na hudumu misimu kadhaa.

Kuhusu ile soketi ya nje, itazame vizuri. Inapaswa kuwa na vitufe viwili vidogo, kimoja cha kujaribia na kimoja cha kurudishia. Soketi ya aina hiyo huitwa GFCI. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika kiasi cha miliampia 5 tu, dalili kwamba umeme unavuja kupitia maji au mwili wa mtu, hukata kabla moyo haujadhurika. Ichomeke taa, bonyeza cha kujaribia, taa izimike. Bonyeza cha kurudishia, iwake. Wakati mwingine soketi ya nje haina vitufe kwa sababu inalindwa na kifaa kilicho mahali pengine, kama karakana au bafuni, na hilo mwenye nyumba ndiye wa kulijua. Waya wa kurefushia uwe wa nje. Miongoni mwa herufi zilizochapwa kwenye ganda lake iwepo W, ambayo ni alama ya kustahimili hali ya hewa. Maungio yasilale kwenye nyasi zenye umande, na usigongelee waya kwa pini za chuma, kwa sababu pini hukata ganda na waya huwa hatari tangu siku hiyo. Vibanio vya plastiki vinavyoning'inia kwenye mfereji wa maji ya mvua vitakutosha, na kwa kuwa mmepanga, havitaacha tundu la kulipia mnapohama. Soma mkataba wenu pia. Nyumba nyingine ziko chini ya chama cha wakazi chenye masharti kuhusu mapambo.

Sasa maboga, maana naona yalikuuma. Boga zima, lenye ganda lisilo na jeraha, linaweza kukaa miezi miwili mitatu mahali pakavu penye baridi. Ganda lile ni ngome. Siku unayolichonga umeivunja ngome na kufungua nyama yenye maji na sukari kwa kila kuvu na bakteria aliye hewani, na kuanzia hapo unahesabu siku, si wiki. Kuoza ndani ya juma hakukuwa uzembe wenu. Ndiyo hali yake ya kawaida, na joto huharakisha mambo, na kama mlitia mshumaa wa moto ndani, basi mlikuwa mkilipika polepole kutoka ndani.

Yapo mambo mawili ya kuchagua. La kwanza ni kutochonga kabisa: paka nyuso kwa rangi nyeusi ya maji juu ya boga zima, ulitoe nje mapema Oktoba, na litakutazama hadi Novemba. Hili ndilo ninalolipendekeza kwa maboga mawili kati ya matatu utakayonunua. La pili ni kuchonga moja tu, kwa ajili ya watoto, siku mbili kabla ya usiku wenyewe. Chagua boga zito, lenye kikonyo cha kijani kilicho imara, lisilo na sehemu laini ukilibonyeza, na usilibebe kwa kikonyo. Likate tundu chini au nyuma badala ya juu, ili kifuniko kisinyauke na kuzama ndani. Kwangua nyuzi na mbegu zote, kwa sababu zile nyuzi zenye maji ndizo zinazotangulia kuoza. Kisha lifute ndani na kwenye kingo kwa maji yenye dawa ya kufulia ya klorini, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji, uliache likauke kabisa. Kukiwa na joto mchana, lirudishe kwenye jokofu au mahali pa baridi. Kindi watalionja hata hivyo, kwa hiyo usiku lilale ndani.

Mbegu zikaange kwa chumvi kabla hujatia dawa yoyote. Lakini usitarajie futari kutoka kwenye boga la kuchonga. Aina hizo zimezalishwa kwa ukubwa na ganda, nyama yake ni ya maji na nyuzinyuzi, na nazi yako itaharibika bure. Ukitaka la kupika, nunua yale madogo ya duara yanayouzwa kwa ajili ya pai, uyapange kwenye ngazi bila kuyapaka rangi wala kuyachonga, na baada ya Halloween yaingie jikoni, mradi hayakupigwa na barafu.

Mashuka yako ya zamani ni mali. Mzuka wa kibarazani hutengenezwa kwa mpira au puto lililofunikwa shuka jepesi na kuning'inizwa kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, ambao usiku hauonekani. Ukichovya kitambaa kwenye wanga mzito na kukikausha juu ya kitu, kitabaki na umbo hata ukikiondoa. Lakini kuna jambo ambalo mgeni katika nchi hii haambiwi hadi amekosea. Shuka jeupe lenye kichwa kilichochongoka juu linafanana na kofia za Ku Klux Klan, kundi lililowaua na kuwatisha watu weusi kwa vizazi. Na umbo la mtu lililoning'inizwa shingo kwenye mti linakumbusha mauaji ya kunyonga ya enzi hizohizo. Kila mwaka wapo wanaofanya hivyo bila kujua na kuumiza majirani zao. Hatari hii ni kubwa hasa kwa wale wanaogeuza vile vizimba vya waya vya kusimikia nyanya, wakavifunika shuka, kwa sababu kizimba kilichogeuzwa kina ncha juu. Ukitumia njia hiyo, kunja nyaya za juu na uweke mpira ili kichwa kiwe duara, na mizuka yako isimame chini, isining'inie mtini.

Mawe ya makaburi, kama watoto watayataka, ndiyo mapambo yanayoonekana vizuri mchana kwa gharama ndogo. Maboksi yako yatatosha kwa msimu mmoja usio na mvua. Kinachodumu ni ubao wa povu gumu unaotumika kuzuia baridi katika kuta; kipande kidogo chake hukatwa kwa kisu na kupakwa rangi ya maji ya kijivu. Rangi ya kupuliza usiitumie juu yake, maana viyeyushi vyake hula povu hilo na jiwe lako litajaa mashimo. Usimamishe kwa vijiti viwili vya mbao vilivyogundishwa nyuma. Kabla ya kuchimbia chochote kwenye ardhi, piga simu 811 siku chache mapema. Ni huduma ya bure ya kuonyeshwa mabomba na nyaya zilizozikwa, na nyaya nyingine, hasa za mawasiliano, hazijazikwa mbali.

Utando wa buibui wa pamba bandia, ule wa mfuko wa dola mbili, uache. Ukivutwa juu ya vichaka hunasa ndege wadogo, popo na nyuki, ambao wapo nje bado mwezi huo, na ukilowa huonekana kama manyoya ya kondoo aliyepita. Kamba nyeupe ya kuanikia nguo, ikifungwa kwa umbo la utando kwenye nguzo mbili za kibaraza, huonekana kutoka ng'ambo ya barabara na mwakani utaifunga tena.

Kwa dada zako siwezi kukuamulia, ila naweza kukupa historia iwe mezani. Jina la siku hii ya 31 Oktoba linatokana na kuwa mkesha wa Watakatifu Wote, ambao Wakatoliki nyumbani huadhimisha 1 Novemba, na nyuma yake kuna desturi za kale za Waairishi na Waskoti za kufunga mwaka wa mavuno. Huko Ulaya walikuwa wakichonga aina ya figili kubwa. Wahamiaji wa karne ya 19 walipofika Marekani wakakuta boga, ambalo ni zao la bara hili, na likashika nafasi. Kwa familia nyingi za mtaani kwenu leo, usiku huu ni wa watoto, pipi na kusalimiana na majirani. Ikiwa bado moyo wako hautulii, pamba kwa mtindo wa mavuno: maboga yasiyo na nyuso, mabua ya mahindi yaliyofungwa kwenye nguzo, robota moja la majani makavu, chungu cha maua ya vuli. Umbo la kivuli liwe kunguru au paka badala ya mzuka. Hutaonekana umejitenga, na kuna faida ya kibajeti ambayo hata wasio na shaka yoyote huitumia: mapambo hayo hayatolewi 1 Novemba, bali hukaa hadi Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Marekani, Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Fedha moja, misimu miwili.

Ukiniuliza mimi ningezigawaje dola 60 zako, ningesema hivi, nikijua kwamba bei hupanda na kushuka kutoka duka hadi duka. Maboga matatu na machache madogo yachukue kama dola 20, na ukisubiri wiki ya mwisho mara nyingi yatakuwa yamepunguzwa. Taa, yaani balbu la chungwa, mnyororo mmoja wa LED wenye alama ya kutumika nje na mishumaa ya betri, dola 20. Waya wa nje, kama huna, dola 10. Rangi, uzi na kamba zimalize dola 6 au 7, na kinachobaki kiongezee pipi, ambazo nina shaka hukuziweka katika hesabu. Joka, kama bado watoto wanalililia, litazameni 1 Novemba asubuhi. Maduka hutaka nafasi ya Krismasi na hushusha bei za vitu hivi kwa nusu au zaidi. Kazi ya dirisha haitakugharimu chochote: paka mweusi au sura iliyokatwa kwenye boksi, ikabandikwa ndani ya kioo na karatasi nyeupe nyuma yake, na taa ya chumbani ikawashwa.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Soketi ikijikata mara kwa mara hata baada ya kuchomoa kila kitu na kukausha, ikiwa na joto ukiigusa, ikitoa cheche, au kifuniko chake kikiwa kimelegea ukutani, acha kuitumia na umwarifu mwenye nyumba kwa maandishi alete fundi umeme mwenye leseni. Hilo ni jukumu lake, wala si la kukatwa kwenye dola 60 zako. Usipande paani. Kama mnataka taa juu ya mfereji wa maji, ngazi iwe kwenye ardhi ngumu na mtu mzima wa pili aishike. Na watoto wenye mzio wa karanga au maziwa wakiwepo mtaani, paka boga moja dogo rangi ya buluu-kijani na uweke kando bakuli la penseli au vibandiko: boga la rangi hiyo, kupitia kampeni iliyoenezwa nchini humo tangu 2014 na FARE, shirika linaloshughulikia mzio wa vyakula, linawaambia wazazi wao kwamba kwako kuna zawadi zisizo za kula.